“My battery is low” haimaanishi simu imezima

Mwezi uliopita tulikuwa Mtito Andei kwa siku tatu, tukiwafunza wenye biashara walio kando ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa jinsi ya kupokea malipo kwa till. Kama umewahi kupanda basi la Mombasa, hapo unapajua hata kama jina lilikupita. Ni karibu katikati ya safari. Basi linaingia, kondakta anapiga kelele “dakika ishirini!”, abiria wanamwagika. Wa kwanza wanakimbilia choo, wa pili chai na chapati, na wa tatu wanazunguka na chaja mkononi wakiangalia kuta, wakitafuta soketi. Hao wa tatu siku hizi ni wengi.

Siku ya pili, mama mmoja mwenye kibanda cha chakula alisubiri wenzake waondoke ndipo akatukaribia. Hakuwa na swali la till. Alitoa simu yake, akatafuta meseji ya wiki tatu nyuma, akatuonyesha. Alikuwa hajaifuta. Ilitoka kwa namba asiyoijua, na ilisema hivi:

“Mum my battery is low. Ile pesa tuma kwa hii namba ya rafiki yangu nitoe haraka.”

Kijana wake anasoma chuo Machakos. Siku mbili kabla, walikuwa wameongea kuhusu Sh3,500 za kodi ya chumba. Kwa hivyo “ile pesa” mama aliijua ni ipi. Alituma. Saa kumi jioni kijana akapiga simu, kwa namba yake ya siku zote, kuuliza kama pesa ya chumba imepatikana.

Tulimuuliza, kwa upole, mbona hakumpigia kijana kwanza. Jibu lake ndilo limetufanya tuandike makala hii. Alisema, “Si alisema simu imezima?”

Hakusema hivyo. Meseji ilisema “my battery is low”. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na katikati yake ndipo zile Sh3,500 zilipopitia.

Low ni kidogo, si sufuri

Neno “low” maana yake ni chini, au kidogo. Ukiambiwa maji kwenye tangi yako low, na watu wa Mtito Andei wanajua habari ya tangi kushinda sisi wa Nairobi, bado unaweza kuteka ndoo moja au mbili. Tangi halijakauka. “My battery is low” ni hivyo hivyo: chaji imebaki kidogo, lakini simu inawaka, inapokea, na inaweza kupigiwa.

Sasa kwa nini wengi wetu tunasikia “low” na kuelewa “imezima”? Tunadhani lawama ni ya simu zenyewe. Msemo huu hatukufundishwa na mwalimu wa Kiingereza. Tuliusoma kwenye skrini. Zile simu za mulika mwizi ziliandika “Battery low”, zikalia mlio ule wa kusikitisha, na kama betri ilikuwa imezeeka, kabla hujamaliza kusema “nitakupigia” zikazima. Onyo na kuzima vilikuja pamoja, na kichwani vikawa kitu kimoja. Simu za sasa huonya mapema zaidi. iPhone hukuambia ikifika asilimia 20, kisha tena ikifika 10, na nyingi za Android huonya karibu na hapo hapo. Asilimia 20 kwa simu yenye betri nzuri ni muda wa kutosha kupiga simu, kutuma pesa, na bado ukaangalia status za watu.

Kiswahili chetu cha kila siku nacho hakisaidii. “Simu iko low”, “simu haina chaji”, “simu imezima”: tunazitumia kama ndugu wa tumbo moja. Ukimwambia rafiki yako “niko low”, anaweza kukutafuta sasa hivi au akangoja hadi jioni, kulingana na alivyozoea kuongea na wewe. Kati ya marafiki hakuna ubaya. Ubaya uko pale pesa inapoingia.

Basi tuyaweke haya maneno sawa, kwa sababu wateja wengi hutuandikia kwa Kiingereza, na sisi wenyewe wakati mwingine hatuelewi.

“My battery is low” ni sahihi. “My phone is low on battery” pia ni sahihi. Lakini “my phone is low battery”, ambayo tunaisikia sana, si sahihi, kwa kuwa simu si betri. Ni kama kusema “gari langu ni petroli kidogo”. Lile tangazo la skrini, “Battery low”, ni ufupisho wa mashine isiyo na nafasi ya kuandika. Wewe una nafasi, andika sentensi nzima.

“My battery is running low” maana yake inaendelea kupungua. “My phone is about to die” maana yake iko karibu kuzima, pengine asilimia 1 au 2. Na ikishazima ndio unasema “my phone died” au “my battery is dead”. Waingereza wengine husema “flat”, hasa kwa betri ya gari, kama vile madereva wetu wanavyosema betri haina moto.

Hapo kwa “died” na “dead” kuna mtego mwingine. Kwa Kiswahili, simu iliyokufa ni simu iliyoharibika, ya kupelekwa kwa fundi. Kwa Kiingereza, “my phone died” mara nyingi ni kuishiwa na chaji tu, ukiichomeka inafufuka. Mteja mmoja aliwahi kutuandikia kutoka simu ya mwenzake kwamba “my phone is dead” na anataka kujua pesa yake iko wapi. Tulimweleza kwa kirefu jinsi ya kubadilisha laini, aende na kitambulisho, apange foleni. Kumbe alihitaji chaja. Alikuwa mpole kutushinda, akasema tu asante.

Halafu kuna hii: “no charge”. Mtu anaandika “Sorry, no charge” akimaanisha simu haikuwa na chaji. Kiingereza cha “no charge”, likisimama peke yake, ni bure, hakuna ada. Na sisi watu wa pesa za simu neno “chaji” tunalitumia kwa mambo mawili: moto wa betri, na ada ya kutuma au kutoa. Mwenye duka akikuuliza “umetuma na chaji?” hataki kujua habari ya betri yako. Anauliza kama umeongeza ya kutolea. Kwa hivyo kama ni betri, itaje simu: “My phone has no charge”. Kama ni ada, sema ada. Tumeona watu wawili wakibishana kuhusu Sh29 kwa sababu ya neno hili moja, na wote walikuwa wakweli.

Sentensi maarufu kuhusu betri, na nani aliisema

Tutoke nje ya Makueni kidogo. Mwaka 2004, shirika la anga la Marekani, NASA, lilishusha gari dogo lisilo na dereva kwenye sayari ya Mirihi. Liliitwa Opportunity. Lilipangiwa kufanya kazi siku 90 hivi, likafanya kazi zaidi ya miaka 14, likitumia paneli za sola. Juni 2018 dhoruba kubwa ya vumbi ilifunika sayari, jua likafichwa, na tarehe 10 mwezi huo ikawa mara ya mwisho gari hilo kusikika. Februari 2019 NASA ilitangaza kwamba kazi imekwisha. Siku hizo hizo ikasambaa mitandaoni sentensi moja, kwamba maneno ya mwisho ya gari hilo yalikuwa kwamba betri yake iko low na giza linaingia. Watu walilia, si mchezo.

Lakini gari halikuandika sentensi yoyote. Lilituma takwimu: umeme umebaki kiasi hiki, anga lina vumbi kiasi hiki. Mwandishi wa habari mmoja ndiye aliyezigeuza takwimu hizo kuwa maneno ya kibinadamu, na watu wakayabeba kama nukuu.

Tunaileta hapa kwa sababu mbili. Kwanza, “low” ilitumika sawasawa: gari lilikuwa bado linatuma habari. Lingekuwa limezima lisingeweza kusema lolote. Pili, hata ulimwengu mzima wenye intaneti ulisoma maneno hayo bila kuuliza ni nani hasa ameyaandika. Mama wa Mtito Andei hakuwa peke yake.

Simu ikizima, akaunti haizimi

Hili ndilo tungetaka ubaki nalo hata ukisahau Kiingereza chote hapo juu.

Pesa yako ya simu haikai ndani ya simu. Haikai kwenye betri wala kwenye kioo. Iko kwenye kompyuta za kampuni ya huduma, imeandikwa kwa jina lako na namba yako. Hivyo ndivyo ilivyo tangu M-Pesa ianze hapa Kenya Machi 2007. Simu ni ya kuangalizia na kutolea amri. Kwa hivyo mtu akikutumia pesa wakati simu yako imezima, pesa inaingia. Meseji ya kuthibitisha ndiyo inayongoja. Ukiwasha simu, inafika. Unaweza kutumiwa ukiwa usingizini, simu iko sufuri, na asubuhi ukaikuta.

Sasa irudie ile meseji ukijua hivyo. Kama kweli betri ya kijana ilikuwa low, basi namba yake ingeita, na mama angempigia. Kama kweli ilikuwa imezima, basi pesa ingetumwa kwa namba yake ile ile na kuingia. Njia zote mbili, ile namba ya rafiki haina kazi.

Meseji za “ile pesa tuma kwa hii namba” ni za zamani hapa nchini, karibu kila mtu amewahi kupata moja. Tapeli hajui kama wewe una mtoto chuoni. Anatuma kwa watu wengi, akijua kwamba siku yoyote ile, kati yao yupo anayesubiri kumtumia mtu pesa. Sababu ya betri anaipenda kwa kuwa inafanya kazi tatu kwa mpigo: inaeleza kwa nini namba ni ngeni, inakuharakisha, na inakuzuia kupiga simu, kwa sababu unaona huruma usimmalizie mtu chaji. Tumeambiwa hivyo na zaidi ya mteja mmoja: “Niliogopa nikimpigia itazima kabisa.” Piga. Sekunde thelathini za kupiga simu hazimalizi betri ya mtu.

Je, ukipiga na haipatikani? Hiyo peke yake si ushahidi wa lolote. Huenda imezima kweli, huenda yuko mahali mtandao umekatika. Ngoja, au tuma kwa namba yake mwenyewe. Na kama umepigiwa kwa namba ngeni na sauti inafanana na ya mtu wako, muulize jambo ambalo nyinyi wawili tu mnalijua.

Mama yule alikuwa na kidokezo kingine mkononi, na alikiona mwenyewe baadaye sana, akiwa amelala. Kijana wake hajawahi kumwita “Mum”. Humwita Mwaitu, kama watoto wengine wote wa Ukambani.

Kabla hujakamilisha kutuma, jina la mpokeaji hutokea. Lisome. Siku ile lilitokea jina la mtu ambaye mama hakumjua, lakini meseji ilikuwa tayari imemwambia ni “rafiki”, kwa hivyo halikumshtua. Ndiyo sababu ya neno rafiki kuwekwa pale.

Ukigundua umetuma kimakosa kwa M-Pesa, peleka ile meseji ya kuthibitisha kwa 456 mara moja, yaani kabla hata hujamweleza jirani. Kama mpokeaji bado hajaitoa, kuna nafasi ya kuizuia. Akishaitoa kwa wakala, kuirudisha hakuwezekani kirahisi, na matapeli huitoa ndani ya dakika chache. Meseji ya utapeli yenyewe, kama uko kwenye laini ya Safaricom, ipeleke 333, kisha uripoti polisi. Mama alikuja kujaribu jioni, baada ya kijana kupiga. Hakukuwa na kitu cha kuzuia.

Na kama ni wewe uko low?

Turudi kwa wale abiria wenye chaja mkononi, kwa sababu wao si matapeli na shida yao ni ya kweli.

Simu ikiwa na asilimia 4 na unahitaji kulipa, fanya malipo kwanza, mengine baadaye. Zima data, punguza mwanga wa skrini, funga video. Tumia menyu ya *334# badala ya programu. Haihitaji intaneti na inamalizika haraka. Ukishamaliza, basi, wapigie jamaa.

Ikizima katikati ya kutuma, swali ni moja tu: ulikuwa umeshaingiza PIN na kubonyeza kutuma? Kama hapana, hakuna pesa iliyotoka. Kama ndiyo, amri inaweza kuwa imefika na kazi ikaendelea bila simu yako, kwa sababu ile tuliyosema hapo juu. Kwa hivyo usikimbilie kuazima simu na kulipa tena. Kama unalipa kwa till, mwenye hoteli naye hupata meseji; muombe aangalie. Kama hakuna iliyoingia, chaji simu, iwashe, ngoja meseji au angalia salio, ndipo urudie. Mhudumu mmoja pale alituambia abiria hulipa chai mara mbili namna hii, basi linaondoka, na yeye anabaki na pesa ya mtu asiyejua atampata wapi.

Kuweka laini yako kwenye simu ya mtu mwingine kunawezekana, lakini PIN unaiingiza kwa simu usiyoijua. Kama ni ya ndugu yako, sawa. Kama ni ya jirani wa kiti cha basi, tungengoja.

Na ukiwa umezima kabisa, huna hata shilingi mfukoni, na umekula? Azima simu, piga, usitume meseji. Ongea kwa sauti yako. Halafu usiombe pesa itumwe kwa namba ya mtu. Mpe jamaa yako namba ya till ya hoteli alipie moja kwa moja kutoka huko aliko. Jina la biashara litatokea kwa simu yake kabla hajakamilisha, mhudumu atapata meseji, na hakuna mtu wa katikati wa kuaminiwa. Hoteli kadhaa za Mtito Andei tayari zimebandika namba hiyo ukutani. Moja imeibandika juu ya soketi, na tunadhani huyo mwenye hoteli anastahili kazi kwenye timu yetu.

Ukituandikia sisi, tuambie kwa lugha yoyote unayotaka, ila tuambie mambo mawili: simu ilikuwa bado inawaka au ilikuwa imezima, na PIN ilikuwa imeingizwa au la. “Phone was low” haitutoshi.

Mama na kijana wake wamekubaliana. Simu ikiwa low, anaflash mara moja kwa namba yake mwenyewe na Mwaitu anampigia. Ikizima, wanangoja. Kodi ya chumba ilitumwa wiki iliyofuata, Sh3,500 nyingine, kwa namba ya siku zote. Kijana alikuwa na asilimia 6.